Mlango wa Katikati

Tangu Jumapili Uwamahoro alikuwa hatulii. Akikaa, anainuka, akiinuka, anasahau alichoinukia. Chai ilipoa mkononi mwake, ugali ukamuungulia, na majirani wa New Congo, kijiji cha wakimbizi pale Nakivale, wakaanza kunong'onezana kwamba bibi harusi mtarajiwa ameshikwa na homa ya posa. Ingekuwa homa ya posa, angemshukuru Mungu. Kilichomnyima raha kilikuwa kitenge.

Alikiona kanisani, mgongoni mwa mama mmoja wa kwaya, watu walipokuwa wakienda kutoa sadaka. Duara ndani ya duara, pembe nyeusi zikifukuzana na nyeupe, na uzi mwekundu ukipenya katikati yake. Haikuwa picha inayofanana na yake. Ilikuwa yake hasa, ile aliyoichora msimu mzima wa mvua kwenye tableti yake yenye kioo cha kupasuka, akifuta na kuanza upya mpaka macho yakamuuma.

“Maho, sasa umefika mbali,” walimwambia nje ya kanisa, kila mtu na furaha yake. “Picha zako ziko mpaka mu bikwembe, mpaka mu vitenge!”

Alicheka nao. Angefanyaje? Lakini moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyesikia ameibiwa na bado hajafika nyumbani kuona.

Mitandaoni alijulikana kama Maho wa Mifuniko. Alichora mifuniko ya vyombo vya maziwa, ile ya kusukwa kwa majani, yenye ncha juu kama kofia, ambayo mama yake aliisuka milimani Minembwe, kule Kongo, kabla hawajakimbia. Watu waliipenda, na watu wakipenda kitu mtandaoni hawaulizi mwenyewe. Zamani alikuwa ameikuta picha yake moja kwenye makava ya simu huko mjini Mbarara, akalia siku nzima, kisha akajifuta machozi na kuwa mjanja. Tangu hapo, picha alizoziweka hadharani zilikuwa ndogo, ukizikuza zinageuka uji, na jina lake limekatiza katikati. Zile kubwa, safi, aliwapa wachache mno.

Hii ya sasa walikuwa nayo watu watatu tu: binamu yake Bella, dada mmoja wa Kampala aliyekuwa akiandaa maonyesho, na Thaddée wake. Na kila mmoja alipewa yenye mlango wake.

Mlango ulikuwa jambo la mama. Msukaji wa mifuniko huacha mahali pamoja ambapo jani linapita kinyume na mengine. Mgeni akiona, atasema msukaji alisinzia. Mwenyewe akiona, anajua ni wake. Mifuniko ikiazimwa kwa ajili ya harusi na kuchanganyika, kila mama huigeuzageuza mkononi, akitafuta mlango, akishaupata anaenda zake nyumbani. Maho aliichukua desturi hiyo akaitia kwenye tableti: kistari kimoja chekundu kinachorudi nyuma. Nakala ya Bella ilikuwa nacho pembeni chini. Ya Kampala, upande wa kulia. Ya Thaddée tutafika.

Jumapili hiyohiyo baba yake, Mzee Musoni, alimwita nje ya nyumba. Mzee huyu hakuwa amempenda Thaddée hata siku moja. Kijana ni Mrundi, ni Mkatoliki, na zaidi ya yote hana mama wala shangazi wa kumsindikiza kuja kuposa Jumamosi inayokuja.

“Ni ule kijana yako aliuza picha,” alisema Mzee Musoni. “Mutu asiye na batu yake hana wa kumuonea haya.”

“Papa, si yeye.”

“Unajua je?”

“Mlango utasema,” Maho alijibu, na kwa sababu alikuwa na hasira, na kwa sababu alikuwa anapenda, mdomo ukamponyoka. “Kama mu kile kikwembe mlango uko fasi ya Thaddée, mi mwenyewe nitamukatalia. Bakikuja Jumamosi, nitabaambia barudi kwabo.”

Baba yake akachukua kikombe chake cha maziwa na kukifunika kwa mfuniko wake mkuukuu, kitu pekee cha marehemu mke wake kilichovuka mpaka, ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

“Basi lete hicho kikwembe,” alisema. “Nitakisoma na macho yangu. Mi ni bwana ya mama mwenye alikuwa anasuka.”

Kitenge cha yule mama wa kwaya kilikuwa kimeshonwa marinda, kimekatwakatwa, mlango ungeweza kuwa umebaki sakafuni kwa fundi. Ndiyo maana Jumanne asubuhi Maho akapanda gari kwenda Mbarara, akakaa dirishani na kuomba njia nzima, sala moja tu, ambayo hakuwa na ujasiri wa kuitamka vizuri.

Hakuhangaika kukitafuta. Pale mtaa wa Kakoba kilikuwa kimening'inizwa mlangoni mwa duka la mama mmoja aitwaye Kampire, mnene, mchangamfu, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

“Karibu, nyabo,” Kampire alimchangamkia. “Hiyo ndiyo natembea sana. Ni ya harusi hiyo. Mimi nakukatia?”

“Picha yake mulitoa wapi?”

“Picha? Hiyo ni ya simu, nyabo. Picha ya simu haina mwenyewe.”

Maho aliyameza maneno hayo kama dawa chungu. Aliomba kitandazwe mezani. Akaanza pembeni chini, kwenye nafasi ya Bella, na aliona haya kwa jinsi alivyotamani kukikuta kile kistari pale. Bella aliyelala naye mkeka mmoja njia yote ya kukimbia, leo alikuwa anamtakia wizi. Hakikuwapo. Akahamia kulia, kwa yule dada wa Kampala. Hakikuwapo. Akarudi kwa Bella tena, taratibu, akiupitisha ukucha juu ya kila mstari. Kidole chake kilijua kinakopaswa kwenda, ila kilikuwa kinagoma.

Mwishowe alikipeleka katikati, kwa Thaddée, pale pembe zote zinapokutana. Kistari chekundu kilikuwa kimegeuka nyuma.

“Umeona hiyo kosa?” Kampire aliinama karibu naye. “Mimi naliambia mutu wa mashine, toa hiyo kosa. Yeye nasema akitoa, duara yote naharibika.”

“Si kosa,” Maho alisema. Sauti yake ilitoka kwa mbali. “Unikatie.”

Mlango wa katikati haukuwa wa majirani. Mama yake alimweleza siku moja akimsuka nywele, na Maho, msichana mdogo wakati ule, alicheka akadhani ni utani. Mlango wa pembeni, alisema mama, ni wa kurudisha mfuniko nyumbani. Wa katikati unasukwa mara moja tu maishani, kwa mtu ambaye hutaki akurudishie. Mama aliusuka mara moja. Ndio uliofunika kikombe cha Mzee Musoni.

Kwa hiyo hata uongo haukuwezekana. Maho alilifikiria hilo akitoka dukani, kitambaa kikiwa kwenye mfuko wa kavera chini ya kwapa. Mlango ungekuwa juu au kushoto, angemwambia baba ni nakala ya fulani, akaolewa. Lakini katikati? Baba angeutazama mara moja tu na kujua binti yake alimpa nani.

Thaddée alifanya kazi ya kutengeneza mabango mtaa wa Nyamityobora, kwenye chumba kilichonuka rangi na gundi. Alikuwa amepiga magoti juu ya bango la saluni, mkasi mkononi. Alipoinua macho na kumwona Maho mlangoni, uso wake wote ulifunguka, na Maho alichukia kuona kwamba hata leo, na hasira zote hizi, moyo wake mpumbavu ulimkimbilia.

“Maho? Umekuja bila kunipigia?” Kisha akaona kilichokuwa kikichungulia kwenye kavera. Furaha ikamtoka usoni. “Sheri wangu.”

“Usiniite vile.”

“Nilitaka kukuambia.”

“Siku gani? Nikiisha kuzaa?”

Aliweka mkasi chini. Alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akataka kumsogelea, akaona macho yake, akabaki alipo. Kati yao lilikuwa limelala lile bango la saluni, mwanamke mrembo akicheka na meno yote.

“Baba yako aliniuliza nitakuja na nani,” alisema. “Unakumbuka? Mbele ya watu wote. ‘Utakuja na nani, kijana?’ Nilirudi hapa sikulala. Mimi sina mama, Maho. Sina tantine. Nikawaendea wamama wa parokia, wale wanaouza mboga sokoni, nikawaomba wasimame kama mashangazi zangu. Wakakubali, wakafurahi mingi. Lakini nikawaza, kila mmoja akija na nguo yake, wataonekana ni watu wa kuokotwa njiani. Nikasema wavae nguo moja, kama ukoo. Na nguo gani ingekuwa nzuri kupita picha uliyonipa wewe?”

Maho alifumba macho. Aliwaona, wale wamama wa mboga, wakiingia New Congo kwa mwendo wa mashangazi, wamevaa moyo wake. Alitamani kulia na alitamani kumpiga.

“Ukaipeleka kwa Kampire.”

“Nilimpa flashi. Yeye ndiye anayejua watu wa kuchapa. Nguo za wamama zikaja. Wiki iliyofuata nikapita pale, nikaona roli nyingine zimetundikwa. Nikamwambia ashushe. Akanicheka.”

“Na weye ukanyamaza.”

“Nilifikiri nitalimaliza kabla hujajua.”

“Unaona, Thaddée, kuibiwa nimezoea.” Aliikaza kavera kwapani. “Bananiiba kila siku, batu sibajue hata sura. Lakini mu kanisa nilikuwa nacheka na batu, kwa papa nasema si yeye, si yeye, na weye ulikuwa unajua. Ile picha nilikuambia je siku ya kukupa?”

“Uliniambia si ya watu.”

“Na ukaitia mu flashi.”

Thaddée aliinamisha kichwa. “Zingine zote nilizoziona kwenye simu zina jina lako limekatiza. Hii haikuwa nalo. Nilifikiri ukinipa isiyo na jina, basi umenipa iwe yangu kabisa.”

“Ilikuwa na jina. Hukuliona.”

“Wapi?”

Hakumwonyesha. Alimweleza tu juu ya milango, juu ya Bella na dada wa Kampala, na juu ya kiapo alichomwapia baba yake, na kwamba kistari alikikuta kwenye nafasi yake yeye. Kuhusu katikati hakutamka neno. Hilo lilikuwa limebaki lake peke yake, na siku ile hakuwa tayari kumpa kitu kingine tena.

Kijana aliokota mkasi, akauweka tena chini. Nje boda ilipiga honi, mtu akacheka.

“Ni wewe pekee unayejua mlango upi ni wa nani,” alisema polepole. “Ungemwambia ni ya mwingine.” Kisha akatikisa kichwa kabla hajajibiwa. “Hapana. Samahani. Nisamehe hata kwa kulisema. Nakuja na wewe.”

“Atakufukuza.”

“Anifukuze nikiwa mbele yake. Ila tupite Kakoba kwanza.”

Pale dukani kulikuwa na wateja. Thaddée hakungoja waondoke. Alisimama katikati yao na gundi yake mikononi.

“Mama Kampire, picha hii ina mwenyewe,” alisema. “Ni huyu. Na mimi ndiye niliyekuletea bila ruhusa yake.”

“Wewe Thaddée, nakuja kuniharibia biashara?” Kampire alishika kiuno. “Mwenyewe nalala Nakivale, picha nalala kwa simu ya dunia yote. Mimi najuaje?”

Maho alitoa tableti kwenye mkoba. Alimwonyesha video ya picha ikizaliwa, mistari ikiingia mmojammoja, duara la kwanza, la pili, mpaka kile kistari cha mwisho. Wateja walisogea kuchungulia.

“Ile ulisema ni kosa,” Maho alisema, “ni jina yangu, mama. Fasi yote kikwembe kitafika, kitakuwa kinasema mi ni nani. Mashine yenyewe ilishindwa kunitoa.”

Kampire alikitazama kistari, akamtazama Maho, akawatazama wateja wake waliokuwa wakimtazama yeye. Hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa mfanyabiashara tu, na mfanyabiashara anajua upepo unapogeuka.

“Iliyovaliwa siwezi kuvua watu,” alisema. “Lakini hii nashusha. Na nikitaka tena nakuja kwako mwenyewe, tunaongea.” Alimgeukia Thaddée na kumnyooshea kidole. “Na bango yangu mupya, ile wewe naahidi mimi?”

“Nitakuchorea, Mama Kampire. Mpaka uchoke.”

Maho alijikuta anakaribia kutabasamu, akajizuia. Njia nzima ya kurudi walikaa bila kuongea, bega kwa bega kwa sababu gari halikuwa na nafasi ya kununiana. Mkono wa Thaddée ulikuwa gotini kwake mwenyewe, umefunguka, kama umesahauliwa pale. Maho aliutazama mpaka walipopita Kabingo, na hakuushika, na hakuacha kuutazama.

Mzee Musoni alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya nyumba, kikombe kando. Aliwaona wakija kwa mbali, hakuinuka.

“Amahoro, Mzee,” Thaddée aliinama akasalimia kwa mikono miwili.

“Jumamosi haijafika, kijana.”

“Najua, Mzee. Nimekuja kusema neno kabla ya hicho kitambaa.”

“Kitambaa kiseme kwanza.”

Maho alikitandaza mkekani. Alinyoosha pindo ambalo halikuwa limejikunja, akalinyoosha tena. Baba yake aliinama, kidole chake kikubwa cha mfugaji wa zamani kikaanza kutembea. Kilipita pembeni chini. Kilipanda kulia. Hakikuwa na haraka. Kilizunguka duara la nje, kikaingia la ndani.

Kidole kikasimama.

Mzee Musoni akaunyanyua mfuniko wake kutoka kwenye kikombe, akauinamisha kwenye mwanga. Katikati ya majani yaliyochakaa palikuwa na jani moja lililopita kinyume, wekundu wake umefifia ukawa rangi ya chai. Aliuweka juu ya kitenge, kando ya kistari kile.

“Hii ilikuwa ya nani?” aliuliza.

“Ya Thaddée, papa.”

“Ni mimi nilitoa picha, Mzee,” Thaddée alisema. “Yeye hana kosa. Uliniuliza nitakuja na nani. Nikaona haya. Nilitaka wamama watakaonisindikiza wafanane kama ukoo, nikatumia kitu ambacho sikupewa ruhusa kukitoa. Na nilipoona kimeenea, nilinyamaza. Hilo ndilo baya zaidi.”

Mzee hakumtazama. Alikuwa anamtazama binti yake.

“Uliapa.”

“Niliapa, papa.” Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na aliyaacha. “Nilisema nitamukatalia. Ukiniambia nitimize neno yangu, nitatimiza. Lakini ujue nitakuwa nimekatalia roho yangu.”

“Ungeniambia Jumapili kama ulimupa ya katikati, singekuacha uape. Juu ya hii mutu haapake.” Aliugusa mfuniko kwa ncha ya kidole. “Na yeye anajua maana yake?”

“Hajui.”

“Hata mi sikujuaka. Mama yako alinipa, akanyamaza. Mi nikaazimisha jirani mu arusi. Na jirani mwingine. Mufuniko ukazunguka kijiji yote.”

Maho alipangusa uso kwa kiganja. “Na mama alisema je?”

“Akaninyima maziwa mpaka nikauliza juu ya nini.”

Kwa mara ya kwanza alimgeukia Thaddée, akamwangalia kuanzia viatu vilivyochafuka rangi mpaka macho. Kijana hakuyakwepesha.

“Jumamosi ukuje na bale bamama,” alisema. “Kila mutu na kikwembe yake. Mi sikukuuliza utakuja na nguo gani. Nilikuuliza utakuja na nani.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Uwamahoro, sasa mwambie.”

“Papa? Mbele yako?”

“Apana mbele yangu. Mi naenda kuangalia ngombe.”

Alivaa kofia yake, akachukua fimbo iliyoegemezwa ukutani, na kushika njia inayoteremka kuelekea ziwani. Mzee Musoni hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Wa mwisho alibaki Minembwe, na tangu hapo hakuwahi kutamka kwamba anakwenda kuwaangalia.

Thaddée alimfuata kwa macho, hajaelewa. “Uniambie nini, Maho? Ya katikati ni nini?”

Maho alingoja mpaka kofia ya baba yake ikapotea nyuma ya migomba. Kisha akapiga magoti mkekani, akaushika ule mkono uliomsumbua njia nzima, akachagua kidole kimoja na kukivuta taratibu juu ya kitambaa, kikapita duara la nje, kikapita la ndani.

“Funga macho,” alisema. “Nitakuambia yenye mama aliniambia.”